Kihori cha Yoti na Maneno Yake: Uhakiki wa Tafsiri Moja

Tafsiri nyingi zinazoletwa kwetu ili zihakikiwe ni za sheria, kilimo, afya na elimu. Ni nadra kuletewa andiko la bahari. Kwa hiyo tulipokea kwa furaha kijitabu kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, kinachoeleza namna ya kuchagua na kutunza chombo kidogo kinachohudumia yoti. Kwa neno yoti tunakusudia chombo cha tanga au cha mashine kitumiwacho kwa matembezi na starehe. Chombo kama hicho hutia nanga mbali kidogo na ufuko, na watu, maji ya kunywa, mafuta na vyakula huvushwa kwa chombo kingine kidogo. Kijitabu kimekusudiwa mabaharia wanaofanya kazi hiyo katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, penye yoti nyingi kama Msasani, Tanga na Kilifi.

Huenda msomaji wa bara akaona kwamba jambo hili ni dogo na linawahusu wachache. Hatukubaliani naye. Kwa safari ndefu baharia hujiandaa: huitazama hali ya hewa, huvaa jaketi la kujiokolea, huhesabu watu. Kwa safari ya hatua mia mbili, aghalabu usiku, akiwa amechoka na mizigo imejaa, hajiandai. Hapo ndipo watu huzama. Andiko linalomwelekeza mtu katika safari hiyo lina wajibu wa kueleweka mara moja na kwa maana moja tu. Kwa kipimo hicho ndicho tunachokipimia kijitabu hiki. Mtafsiri wake hatumtaji, maana makosa yake ni ya wengi wetu.

Makosa yanayochekesha

Tuanze na yale yanayoonekana upesi. Katika jalada, chombo chenyewe kimeitwa "zabuni ya yoti". Chanzo ni dhahiri: Kiingereza kina neno moja kwa maombi ya kazi yanayoshindaniwa na kwa chombo kinachohudumia chombo kingine. Mtafsiri alichukua maana anayokutana nayo kila siku ofisini. Katika ukurasa wa pili tunaambiwa kwamba "mpaka rangi afungwe imara kwenye pete ya mbele". Hapa napo Kiingereza kina neno moja kwa mtu apakaye rangi na kwa kamba ya omo inayofungia chombo kidogo. Mbele kidogo, kishikizo cha kasia kimekuwa "kufuli la safu", kwa kuwa neno la asili limekatwa vipande viwili na kila kipande kikatafsiriwa peke yake.

Makosa ya namna hii yana nafuu moja, nayo ni kwamba baharia anayeyasoma hucheka, akajua kuwa pana kasoro. Lakini hata katika fungu hili limo moja lisilostahili kuchekwa. Ile kamba fupi ambayo mwendeshaji hujifunga mguuni au mwilini, ili akianguka majini mashine izime, imeitwa "kamba ya kuua". Ni nani atakayejifunga kamba yenye jina hilo bila kusita? Mwezi Mei 2013, katika mlango wa mto Camel huko Uingereza, watu sita wa familia moja walirushwa majini kutoka katika boti ya mwendo kasi. Kamba hiyo haikuwa imefungwa kwa mwendeshaji. Boti iliendelea kuzunguka peke yake, ikawagonga, na wawili wakafa. Boti ile ilikuwa kubwa kuliko vyombo tunavyovizungumzia, lakini kamba ni ile ile na kazi yake ni ile ile. Jina linalofaa ni "kamba ya kuzimia mashine", kwa sababu linasema inafanya nini.

Makosa yasiyochekesha

Makosa mabaya zaidi ni yale yaliyoandikwa kwa Kiswahili kizuri. Hayamshtui msomaji, humpitisha tu katika njia isiyo yake. Tutataja matatu.

La kwanza ni "uzito wa mashua". Kijitabu kinatoa mfano wa mashua ambayo "uzito wake ni kilo 250". Andiko la asili lilikusudia mzigo ambao mashua inaweza kuubeba kwa usalama. Kwa tafsiri hii msomaji anapotoshwa mara mbili. Kwanza, haoni kabisa mpaka wa mzigo. Tukimkadiria mtu mzima kuwa na kilo 75, kama kanuni za kimataifa za vyombo vidogo zifanyavyo, watu watatu ni kilo 225. Mashine ya kilo 20 ikihesabiwa humo, zimebaki kilo 5 tu, wala dumu moja la maji la lita 20 halina nafasi. Baharia asiyejua hayo atapakia watu wanne na dumu. Pili, ataamini kwamba mashua yenyewe ina uzito wa kilo 250, kwa hiyo haiwezi kubebwa na watu wawili. Basi ataiburuta juu ya mawe na matumbawe hadi itoboke, ama ataiacha majini siku zote hadi tumbo lake liote majani na magamba. Neno moja limeharibu sura ya kuchagua na sura ya kutunza. Tunapendekeza kutofautisha "uzito mtupu", yaani wa chombo chenyewe, na "mzigo wa mwisho", yaani jumla ya watu, mashine na shehena isiyopaswa kuzidishwa.

La pili ni "upepo". Katika lugha ya kila siku tunajaza upepo katika gurudumu la baiskeli, na hakuna anayepotea. Mtafsiri ameufuata usemi huo alipoandika juu ya mashua za mpira: "Upepo ukizidi mchana, punguza." Maana iliyokusudiwa ni kwamba jua kali huipasha joto hewa iliyomo ndani ya mashua, hewa ikatanuka na kuzikaza mno shono za gundi, kwa hiyo ifaa kutoa kidogo. Jioni, au mashua ishukapo katika maji ya baridi, hewa hunywea na huenda ikahitaji kuongezwa. Lakini kwa mtu wa bahari upepo ni kaskazi na kusi. Akisoma sentensi ile atapunguza tanga, atapunguza mwendo, au atapunguza watu, vali hataigusa. Neno lililokuwa salama barabarani limepoteza usalama wake lilipofika pwani. Hapa sharti litumike neno "hewa", na "upepo" uachiwe kazi yake ya siku zote.

La tatu ni kitenzi "kuvuta". Kijitabu kinaonya: "Usiivute mashua katika bahari iliyochafuka." Mabaharia huvuta makasia, kwao kuvuta ni kuendesha chombo kwa mikono. Onyo la asili lilihusu kukiburuta chombo kidogo kwa kamba nyuma ya yoti. Katika mawimbi makubwa chombo kinachoburutwa hivyo hujaa maji, hupinduka, kamba ikakatika, au hukimbilia shetri ya yoti na kuigonga. Yafaa kupandishwa juu na kufungwa. Na hata bahari ikiwa tulivu, mashine na makasia yaondolewe kwanza. Kwa tendo hilo Kiswahili kina kitenzi chake, "kufungasa", ambacho hakina maana nyingine ya kukichanganya. Kuacha kukitumia kwa hofu kwamba watu wa bara hawakijui ni kuwanyima watu wa pwani neno lao katika kitabu chao wenyewe.

Hazina na mipaka yake

Kosa la kufungasa latuleta kwenye swali la msingi: mtafsiri alitafuta wapi? Inaonekana alikaa na kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili, wala hakuteremka pwani. Angeteremka angesikia kwamba baharia haiti kasia kile ambacho ni kafi. Kasia hukaa katika kishikizo cha ubavuni na mvutaji huvuta akielekeza mgongo kwenye omo. Kafi hushikwa mkononi bila kishikizo, na mpigaji hutazama mbele. Kijitabu kimeyachanganya kote, hata ikawa mnunuzi hajui atafute mashua yenye vilete au isiyo navyo. Angesikia pia kwamba kilete ndicho kishikizo cha kasia, na kwamba kitanzi cha kamba kifanyacho kazi hiyo hiyo ni kishwara. Maneno haya hatuyabuni sisi. Kamusi ya Johnson na ile ya Sacleux, zote za mwaka 1939, zimehifadhi mengi ya jamii hii.

Jina la chombo chenyewe pia halikuwa mbali. Vyombo vikubwa vya tanga vya pwani hii vilikuwa na vyombo vidogo vya kuteremkia, na miongoni mwake ni hori, au kihori kikiwa kidogo. Ipo hoja kwamba kihori ni cha gogo lililochongwa, ambapo hivi vya leo ni vya mpira, fibaglasi au mbao nyembamba. Tunaijibu kwa mfano wa gari. Neno hilo lilitoka Bara Hindi likiwa la mkokoteni, likabaki na kazi yake ingawa umbo la chombo limebadilika. Wapo pia waliopendekeza "dingi", kwa kuwa neno la Kiingereza lenye sauti hiyo nalo limetoka katika lugha za Bara Hindi. Asili yake ni njema, lakini mitaani kwetu dingi ni baba wa mtu. Agizo la kumfunga dingi kwa kamba mbili halitasomwa kwa utulivu.

Hata hivyo, yatupasa kuwa waangalifu upande wa pili pia. Mapenzi ya maneno ya kale yaweza kuzaa makosa yale yale. Katika mazungumzo yetu lilitolewa pendekezo kwamba vile vifuko virefu vya hewa vinavyoizunguka mashua ya mpira viitwe "mataruma", kwa sababu ndivyo vinavyoipa umbo. Hatukulikubali. Mataruma ni mbavu za mbao ndani ya chombo. Fundi akiambiwa taruma limetoboka, atatafuta msumari. Kadhalika mtafsiri, pengine kwa kutaka kutupendeza, ameandika kwamba mpira uliopasuka "ukalafatiwe". Kukalafati ni kujaza pamba katika nafasi baina ya mbao. Mpira hubandikwa kiraka kwa gundi. Tena gundi yenyewe huchaguliwa kwa aina ya mpira: ya PVC haifai kwa Hypalon, wala ya Hypalon haifai kwa PVC.

Majina hayo mawili tunashauri yaachwe yalivyo, kwa kuwa ndivyo yanavyosomeka kwenye kopo la gundi na katika karatasi za muuzaji. Tofauti yake inafaa kuelezwa kwa maneno ya kawaida: PVC ni nafuu kwa bei lakini huchoka mapema kwa jua la nchi zetu, Hypalon hustahimili jua kwa miaka mingi zaidi. Kampuni ya DuPont iliacha kuitengeneza Hypalon mwaka 2010, lakini jina lingali linatumika kwa mipira ya jamii hiyo. Maelezo ya namna hii humsaidia mnunuzi kuliko istilahi mpya kumi.

Haki itupasayo kuitenda ni kusema kwamba sura ya mwisho, juu ya kuosha na kuhifadhi, imetafsiriwa vizuri sana. Inasema: osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, toa mchanga pembeni mwa sakafu, kausha, funika na jua, inua usiburute. Sentensi ni fupi na vitenzi ni vya nyumbani. Twaamini mtafsiri aliiandika vizuri kwa sababu kuosha na kukausha anakujua. Kufungasa hakukujua, na hakumwuliza ajuaye.

Mapendekezo

Kwa kuanzia tunaleta maneno yafuatayo ili yajadiliwe:

1. Kihori cha yoti: chombo kidogo kinachohudumia yoti, kiwe cha mpira, fibaglasi au mbao.
2. Kamba ya omo: kamba ya mbele ya kufungia kihori.
3. Ubao wa shetri: ubao wa nyuma ambapo mashine hubandikwa.
4. Kilete: kishikizo cha kasia, kishwara kikiwa ni cha kamba.
5. Upo: chombo cha kufulia maji yaliyoingia ndani.
6. Kufungasa: kukiburuta chombo kwa chombo kingine.
7. Kamba ya kuzimia mashine.
8. Uzito mtupu, na mzigo wa mwisho.
9. Kimo cha ukingo: urefu kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa chombo kilichopakiwa.
10. Kifuko cha hewa, kujaza hewa, kutoa hewa.

Katika orodha hii yamo maneno ya kale, yamo maelezo ya kawaida, na yamo ya kukopa. Hatukuchagua kwa kuangalia ukoo wa neno. Tulijiuliza kila mara: baharia akilisoma usiku kwa mwanga wa tochi, mkono mmoja umeshika kamba, atafanya lililokusudiwa? Kwa walimu wa bara, ambao baadhi ya maneno haya ni mageni kwao, tunashauri picha moja yenye majina ya sehemu za chombo iwekwe mwanzoni mwa kijitabu. Picha hiyo itawatosha, wala haitalazimu kuyaacha maneno ya wenye kazi yao.

Wahenga wamesema: nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtafsiri wa mambo ya bahari aweza kuzunguka katika kamusi zote, lakini mwisho atarudi chomboni. Kijitabu tumekirudisha kwa mhusika pamoja na maoni haya, na tumemwomba akakisome kwa sauti mbele ya mabaharia wawili watatu kabla hakijapigwa chapa. Nanyi wasomaji, hasa mlio Unguja, Pemba, Lamu, Tanga na Kilwa, mkiwa na neno lililo bora kuliko mojawapo ya haya, tuleteeni pamoja na mfano wa matumizi yake, tupate kulijadili katika toleo lijalo.