Kinyago kina jina lake

Ukifika soko la vinyago la Mwenge, Kinondoni, ukasema unataka kinyago, fundi atakuitikia, ila bado hujamwambia unataka nini. Wachongaji wa Kimakonde wana binadamu, shetani, ujamaa na mawingu, na kila jina linaudai mkono kazi yake.

Binadamu ni mtu kama alivyo: mzee na mkongojo, mama na mtungi kichwani. Hapo kosa halina pa kujificha, maana kila mtu anajua sikio linakaa wapi. Shetani anaruhusiwa jicho moja, tumbo lililotoboka, mguu uliogeuka mkono. Mtindo huo ulianza Dar es Salaam miaka ya 1950 kwa Samaki Likankoa, na wengi huudhani mwepesi. Mimi nauona mgumu kuliko binadamu: kiumbe asiye na mfano duniani lazima fundi amwone ndani ya gogo kwanza, tena asimame bila kuyumba.

Lakini ujamaa ndio unaonikalisha pale Mwenge hadi jua linatua. Aliyeuanzisha, Roberto Yakobo Sangwani, alitoka Msumbiji, na mwanzoni uliitwa dimongo, yaani nguvu. Watu wamebebana gogo zima, nyayo juu ya mabega, mkono wa huyu kiunoni kwa yule, na wote ni mti mmoja, hakuna gundi wala msumari. Fundi kakaa chini, kalibana gogo kwa miguu, anapiga tezo kidogo kidogo. Tabaka jeupe la nje linabanduka, weusi unatokeza. Kisha patasi inaingia kati ya watu wawili, pasipopita hata kidole, inatoa ukuni bila kugusa kiwiko. Mpingo ni mgumu, mzito hadi unazama majini. Patasi hunolewa na kunolewa tena. Mkono ukikatika hapo haurudi.

Mawingu mara nyingi hayana hata sura ya mtu. Ni mikunjo na uwazi tu.

Mpingo wenyewe huchukua miongo kadhaa kukomaa. Wajapani wameijengea kazi ya Wamakonde jumba la makumbusho mkoani Mie. Sisi tulio na mafundi mlangoni tunapita Mwenge kutafuta zawadi ya mgeni, na neno la kwanza ni bei. Safari ijayo anza na jina. Muulize fundi hii ni kazi gani, na alianza kuchonga upande upi wa gogo. Bei mtaelewana baadaye.