Upinde wa Mvua Usiolijua Kasha Lake

Kompyuta ya mezani iliyoungwa kwa mkono, yenye ubavu wa kioo na taa za ARGB ndani, yaani taa ambazo kila moja huweza kupewa rangi yake, mara nyingi huwaka siku ya kwanza ikiwa na utunzi wake tayari. Hakuna aliyeuagiza. Umo ndani ya ubao mama tangu kiwandani, na kabla mwenye mashine hajasakinisha programu yoyote, rangi zote za upinde wa mvua zinaanza kupita kwenye feni. Katika sanaa hii changa hakuna utunzi unaotazamwa zaidi kuliko huu. Husifiwa na kubezwa kila siku, lakini ni nadra kusomwa. Nataka kuusoma kwa utulivu, kwa sababu kasoro zake zinaonyesha hasa kazi ya kuoanisha taa ni kazi gani.

Tuuweke mahali panapojulikana. Kasha la Lian Li O11 Dynamic, lililotoka mwaka 2018, lina kioo mbele na ubavuni, na nafasi tisa za feni za milimita 120: tatu chini, tatu zimesimama kando ya ubao mama karibu na mbele, tatu juu. Tuseme kila feni ina duara la taa 12. Jumla ni taa 108, na mtazamaji anaziona zote kwa mara moja.

Tuanze na kipashio kidogo kabisa cha fani. Taa za aina ya WS2812B za kampuni ya Worldsemi, pamoja na jamaa zake nyingi, husoma biti 24 kwa kila taa: nane za kijani, nane za nyekundu, nane za buluu, kwa mpangilio huohuo. Kila rangi ina viwango 256, na mchanganyiko wake unazidi rangi milioni 16. Biti moja huchukua maikrosekunde 1.25. Sifuri na moja zote huanza kwa waya kupanda volteji; kinachozitofautisha ni muda wa kukaa juu, takriban maikrosekunde 0.4 kwa sifuri na 0.8 kwa moja. Sisi tuliozoea mizani ya kuhesabu silabi tunakutana hapa na arudhi nyingine, ambamo urefu wa pigo ndio maana yake. Waya ukikaa kimya kwa maikrosekunde 50, au zaidi ya 280 katika matoleo ya baadaye, taa zote zinajua kwamba ubeti umekwisha, na zinaonyesha kwa pamoja zilichopokea.

Ujumbe unavyogawanywa njiani ndio moyo wa fani hii. Taa ya kwanza huchukua biti 24 za mwanzo, kisha huzipitisha zote zinazofuata. Ya pili hufanya vivyo hivyo, na ya tatu, kama sinia la haluwa linalopita barazani: kila mmoja anachukua kipande kilicho mbele yake na kumsogezea jirani. Hakuna taa yenye jina wala namba iliyoandikwa ndani yake. Utambulisho wake wote ni nafasi yake kwenye waya. Ukizipanga upya feni zako, umewapa wasomaji walewale mistari mingine.

Aidha, mawasiliano haya kwa kawaida ni ya upande mmoja. Ubao mama unasema, taa hazijibu. Kwa hiyo ubao haujui taa ziko ngapi mpaka uambiwe, na hapa ndipo kasoro ya kwanza inapojitokeza. Mtu mwenye taa 36 kwenye tundu moja huku programu imeandikiwa 120 ataona chini ya theluthi ya upinde wake kwa wakati mmoja. Zaidi ya theluthi mbili zinapita kwenye taa zisizokuwepo. Atadhani feni zimechoka au rangi zimefifia, kumbe utunzi uliandikiwa kasha lingine. Kurekebisha idadi hiyo ndani ya programu ni kitendo cha kwanza cha uhariri, nacho hakihitaji kununua chochote.

Kasoro ya pili ni ya umbo, nayo ina utajiri zaidi. Kuna njia mbili za kuunganisha feni tisa. Ya kwanza ni splita: waya mmoja wa data unagawanyika matawi, na kila feni inapokea ujumbe uleule tangu mwanzo. Ya pili ni mnyororo: feni ya kwanza inaipasia ya pili, na ya pili inaipasia ya tatu, mpaka ya tisa. Kwa macho ya mhakiki, splita ni kiitikio, sauti tisa zikitamka mshororo mmoja. Mnyororo ni mishata, maana inayokataa kuishia kwenye mstari mmoja na kumwagikia unaofuata.

Tuusome upinde wa mvua kwa njia zote mbili. Kwenye splita, digrii 360 za gurudumu la rangi zinagawanywa kwa taa 12, hatua ya digrii 30 kila moja. Kwa kuwa taa zimepangwa duara, ya 12 inakaa jirani na ya kwanza, na hatua kati yao pia ni digrii 30. Duara linafunga bila mshono. Lakini kasha zima halina safari. Feni tisa zinazunguka mahali pamoja, kila moja imejitosheleza, na jicho halipati sababu ya kutoka kwenye feni moja kwenda nyingine.

Kwenye mnyororo, digrii zile 360 zinatandazwa juu ya taa 108. Hatua kati ya taa na taa inapungua mpaka digrii tatu na kidogo, na mpito ni laini ajabu. Rangi sasa inasafiri: inaingia chini nyuma, inasogea mbele, inapanda ubavuni, inarudi nyuma kwa juu. Ila itazame feni moja. Taa yake ya kwanza na ya 12 zimegusana, lakini kwenye waya zinatenganishwa na hatua 11, yaani karibu digrii 37 za rangi. Kila duara lina ufa. Splita inatupa duara kamili lisilo na safari, mnyororo unatupa safari yenye nyufa tisa.

Huo ndio mgogoro wa fani hii, na programu haiwezi kuumaliza peke yake kwa sababu inajua namba tu. Waya ni mstari, feni ni duara, kasha ni chumba. Upinde wa mvua wa kiwandani umeandikiwa mstari. Kuoanisha taa kwa maana kamili ni kuufanya mstari huo ukubaliane na chumba: kupanga feni kwenye waya kwa mpangilio ambao jicho litazifuata, kugeuza mwelekeo wa zile za juu ikiwa wimbi linarudi kinyume, na kuchagua madoido ambayo feni nzima inapewa rangi moja, ili ufa usiwe na mahali pa kuonekana.

Malighafi nayo inaamua. Kwa hesabu ya kawaida ya miliampia 20 kwa kila rangi, taa ikitoa weupe kamili inakula 60. Taa 108 zitataka karibu ampia 6.5, ilhali tundu la ARGB la volti 5 kwa kawaida linatoa ampia 3. Upinde wa mvua unakula nusu ya weupe, kwa sababu katika gurudumu la rangi kila moja ya zile tatu huwaka kwa wastani wa nusu ya nguvu yake. Hata hivyo hiyo nusu ni ampia 3.24, imevuka mpaka. Ndiyo maana kasha kama hili linahitaji habu inayopokea data kutoka ubao mama na umeme kutoka pawa saplai, au matundu zaidi ya moja. Na lile tundu la pini nne la volti 12, lililotengenezewa taa za RGB za kale zinazobadilika zote kwa pamoja, lisikaribiane na taa hizi. Litaziunguza.

Tukitoka kwenye feni, utunzi unavuka mipaka ya waya wake. RAM yenye taa haipo kwenye mnyororo huu. Inaagizwa kupitia njia nyingine ndani ya ubao, na kadi ya grafiki kadhalika. Kila kimoja kina saa yake, na mara nyingi programu ya kampuni yake: Armoury Crate ya ASUS, MSI Center, iCUE ya Corsair. Wimbi likianza pamoja, baada ya muda RAM inachelewa na kadi inatangulia. Kuziendesha programu tatu kwa pamoja ni kumwalika kila mtunzi aandike juu ya karatasi ya mwenzake. OpenRGB, programu huria, inatoa suluhisho la busara: mtunzi mmoja kwa vifaa vya kampuni nyingi. Windows 11 nayo, tangu mwaka 2023, ina kipengele chake cha taa kinachotegemea kiwango cha LampArray, ambamo kifaa hueleza kila taa yake iko wapi katika nafasi. Kwangu hilo lina uzito kuliko rangi milioni 16, kwa kuwa hapo mstari unaanza kukijua chumba.

Yafaa pia kuuliza madoido yanasema nini. Mwaka 2003 Apple ilipewa hataza Marekani kwa taa ya kompyuta inayopanda na kushuka taratibu kama pumzi. Pumzi ile ilikuwa na ujumbe: mashine imelala, haijazimwa. Leo madoido ya kupumua yamo katika programu nyingi za taa, yakiendeshwa huku mashine iko macho na inafanya kazi nzito. Umbo limebaki, maana imedondoka njiani. Bado inaweza kurudishwa: acha taa zitulie kwenye rangi moja, zibadilike pale tu joto la prosesa linapopanda, na kila mpito utakuwa umesema jambo.

Kwa hiyo naupa upinde wa mvua haki yake. Ni jaribio zuri, maana unathibitisha kwamba kila taa na kila rangi ndani yake inafanya kazi. Kama utunzi, haujakamilika, kwa kuwa unaweza kuhamishiwa kasha lolote usipoteze kitu. Kipimo ninachopendekeza ni hicho: hamisha feni moja tu kutoka nafasi yake. Utunzi usipoharibika, haukuwa umeandikiwa kasha hilo.