Urithi Usiopitia Damu

Ukivuka mpaka wa Uganda pale Malaba ukapita Tororo, utafika Mbale, kwa Abayudaya. Ni Wayahudi wasiodai nasaba ya kale: jamii yao ilianza 1919, mwanzilishi wao Semei Kakungulu alipojitahiri pamoja na wanawe. Basi si sura wala damu inayowabebea dini. Hubebwa na kazi, na kazi hiyo hufanywa na watu wasiotajwa.

Ijumaa akina mama huteka maji, huchanja kuni na kuivisha chakula cha kesho yake kabla jua halijatua, maana siku ya Sabato moto hauwashwi. Mchinjaji hupitisha ukucha kwenye makali ya kisu. Akihisi pengo, hunoa upya. Mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane, na hayo katikati ya Wagisu ambao, kama Wabukusu wa upande wetu, humngoja mvulana akomae. Mzazi hana budi kuwaeleza majirani, kizazi baada ya kizazi.

Kazi hiyo ilijaribiwa Idi Amin alipotawala Uganda, akaipiga marufuku dini yao. Wengi walisilimu au kubatizwa. Kati ya watu wapatao 3,000 walibaki mamia machache. Hao waliomba kwa kujificha hadi Amin alipoangushwa 1979, na watoto wakafundishwa.

Sisi wa Busia na Malaba, ambao lugha za nyanya zetu zinatuponyoka bila kukatazwa na yeyote, tuwape heshima yao. Wametuonyesha kwamba mtoto hurithi kile ambacho mtu mzima alikubali kukitolea jasho.