Chumba Kisicho na Dirisha: Mafundi wa Lamu Walivyoiongoza Nuru

Mgeni akiingia nyumba ya kale ya Lamu, jambo la kwanza analotafuta ni dirisha. Halioni. Ukuta wa barabarani ni mzito, mtupu, na kama una tundu, basi ni dogo na liko juu kabisa, la kupitishia hewa. Anavuka chumba baada ya chumba mpaka kile cha mwisho, kinachoitwa ndani, ambacho hakipakani na barabara wala uwanja wowote. Na huko ndani bado anaona. Anaona nakshi za ukutani, anaona uso wa mwenyeji wake. Nuru hiyo imetoka wapi?

Tuanze nje. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, na mahali pengine kuna wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Dirisha la kufungukia hapo lingeleta macho ya jirani kuliko mwanga. Kwa hiyo mafundi wa karne ya 18, ambao kazi yao ndiyo tunayoiona zaidi leo, waliachana na barabara wakaenda kuchukua nuru juu, mbinguni.

Chombo cha kuichukulia ni kiwanda. Msomaji wa bara asidhani nasema pahala pa kutengenezea sabuni. Kiwanda kwa watu wa Lamu ni ua wa ndani ya nyumba, usio na paa. Unapotoka njiani unapita daka, ukumbi wa mlangoni penye baraza za mawe, kisha tekani, ukumbi wa ndani, kisha unapinda kona na kutokea kiwandani. Baada ya hapo vyumba vinapangana kwa mstari: msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. (Tini na yuu ni chini na juu kwa Kiamu.) Kila unapoingia zaidi, nuru inapungua kidogo, na jicho linapata muda wa kuzoea. Mtu aliyetoka kwenye jua kali angefikishwa ndani moja kwa moja, angekuwa kama kipofu kwa dakika kadhaa. Kwa kupitishwa msana wa tini na wa yuu, anafika macho yake yakiwa tayari.

Vyumba hivyo ni virefu na vyembamba. Sababu ni boriti. Dari limebebwa na miti ya mikoko, na mkoko haumpi fundi nafasi ya kupanua chumba zaidi ya mita 3 hivi. Wengi huishia hapo: mti mfupi, chumba chembamba, basi. Lakini chumba chembamba ndicho kinachoruhusu nuru ya upande mmoja kufika ukuta wa pili kabla haijachoka. Fundi alibanwa na mti, naye akautumia ubano huo.

Nyumba nyingi za kale zimeelekea kaskazini, ambako ndiko kibla kutoka Lamu, na msana umefungukia kiwanda kwa upande huo. Hapa kuna hesabu ninayoipenda. Lamu iko nyuzi 2 na kitu kusini mwa ikweta. Desemba, jua la saa sita mchana liko upande wa kusini, mgongoni mwa msana, halimgusi mtu. Juni linahamia kaskazini, lakini hata tarehe 21, linapokuwa chini kuliko siku zote za mwaka, linasimama nyuzi 64 juu ya upeo. Chukua uwazi wenye kimo cha mita 3: mwale wa jua hilo utaingia karibu mita moja na nusu tu, yaani nusu ya msana wa kwanza. Msana wa pili hauguswi, na ndani hapaguswi kamwe. Wanaoishi humo hupata nuru bila kupata joto lake.

Basi kinachofika ndani ni nuru ya kudunda tu: imepiga sakafu ya kiwanda, ikarudi ukutani, ikaingia msanani, ikapiga ukuta mwingine. Hapo ndipo chokaa inapofanya kazi. Matumbawe yalichomwa, yakazimuliwa kwa maji, yakapakwa na kusuguliwa mpaka ukuta ukawa laini. Ukuta mweupe safi hurudisha kama asilimia 80 ya nuru iliyoupiga. Baada ya kudunda mara tatu, bado unayo asilimia 51. Paka rangi ya wastani inayorudisha 50, na baada ya mara tatu zilezile umebaki na 12 na nusu. Sebuleni penye madirisha mawili tofauti hiyo huisikii sana. Kwenye chumba cha tatu kutoka kiwandani, ndiyo tofauti ya kuona na kupapasa.

Kisha zidaka: ule ukuta wa vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, vikiwekwa bakuli za kauri na vitu vya thamani. Watu huvisifu kwa uzuri, na wana haki. Mimi navitazama kama kifaa. Kila kidaka ni kijisanduku cheupe. Nuru ikiingia inadunda kuta zake na kutoka imelainika. Nakshi zake zimechongwa kina kifupi; nuru hii haina nguvu ya kutupa kivuli kizito, lakini inatosha kuonyesha ukingo. Bakuli lenye kung'aa likiwekwa mle linaongeza nukta moja ya mwanga. Usiku, taa moja ya utambi ndani ya kidaka inazungukwa na chokaa pande tano, na ukuta wenyewe ndio unaogeuka taa.

Sasa balbu. Katika nyumba moja ya ukoo wetu, fundi wa umeme alifunga tyubu katikati ya boriti za ndani, kama anavyofunga dukani. Mwanga ukashuka kutoka juu, kila kidaka kikapata kivuli kizito kwenye paji lake, nakshi zikafa. Ilipoungua ikawekwa LED ya kelvini 6500, ile nyeupe ya kibuluu iliyojaa madukani kwetu, na chokaa ikafanana na ukuta wa zahanati. Tulichofanya baadaye ni kidogo: balbu mbili za wati 5, kelvini 2700, kila moja kama lumeni 470, tukazificha nyuma ya ubao chini ya zidaka zikitazama ukuta, si watu. Kwa kipimo, mwanga uliomfikia mtu ulipungua. Bibi mwenye nyumba alisema sasa anaona.

Sisemi nyumba hizi hazina kasoro. Ukitaka kutunga uzi kwenye sindano, toka uje msanani. Na mfumo wote unasimama juu ya jambo moja, kiwanda kuwa wazi: nimeona viwanda vilivyoezekwa mabati baada ya warithi kugawana vyumba, na pale ndani pamekuwa pango, taa zinawaka tangu asubuhi.

Ukipita Lamu, nenda kwenye ile nyumba ya makumbusho ya Kiswahili, saa nne asubuhi. Kama taa zimewashwa, omba zizimwe, kisha kaa kimya mbele ya zidaka dakika tano kabla hujasema pana giza.