Shuka Lililokunjwa Vizuri Hutambulikaje

Anayetaka kujua kama nyumba ina mkunjaji hodari asiishie kulitazama kabati. Avute shuka moja kutoka katikati ya rundo. Kama ya juu na ya chini yamebaki mahali pake, na lenyewe likafunguka kitandani kwa mikono ya mtu mmoja bila kuburura sakafuni, hapo pana ufundi. Rundo la kupendeza macho mtu yeyote analiweza. Mimi nausifu mkunjo uliowazia kutandika tangu mwanzo.

Kwa watu wa pwani, cha kwanza kukagua ni ukavu. Tanga, Unguja, Mombasa au Lamu, hewa ina unyevunyevu karibu mwaka mzima, na masika ya Machi hadi Mei ndiyo huzidisha. Pamba huunyonya unyevu huo hata ikiwa kabatini, na shuka jeupe likihifadhiwa bichi hutoka na vidoa vyeusi vya kawa ambavyo sabuni haiviwezi tena. Usipapase katikati ya shuka ukadhani umelipima, maana katikati hukauka mapema. Bana upindo, pale kitambaa kilipokunjwa na kushonwa, uuguse kwa shavu. Ukisikia ubaridi, lirudishe kambani. Hata shuka lililotoka kwenye pasi sasa hivi lina mvuke ndani yake. Mwenye subira hulitundika kwanza lipoe, ndipo akalikunja.

Na pasi yenyewe isichukuliwe kuwa urembo mtupu. Yuko nzi anayejulikana na wataalamu kama Cordylobia anthropophaga, ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake hujipenyeza kwenye ngozi ya anayezivaa au kuzilalia. Joto la pasi huyaua mayai hayo, mradi lipite pande zote mbili na lifike kwenye mishono. Ndiyo maana nikilikagua shuka macho yangu huenda moja kwa moja kwenye pindo. Pindo zikiwa na makunyanzi huku katikati kumenyooka, mpiga pasi ameruka mahali palipomhitaji zaidi. La kutarizi lipigwe pasi kwa nyuma, juu ya taulo, ili maua yasilale.

Sasa mkunjo. Shuka la kitanda cha sita kwa sita ni kubwa mno kwa mikono miwili, na watu wawili hulikunja vizuri zaidi kuliko mmoja. Kila mmoja ashike ncha mbili, walivute kwa urefu, kisha walivute kimshazari, ncha hii na ile ya upande wa pili, halafu wabadilishane. Kuvuta huko kwa mshazari ndiko hurudisha nyuzi zilizopindishwa na kukamuliwa, na wengi hukuruka. Baada ya hapo ncha zikutane na ncha, upindo mpana wa kichwani uwe juu ya upindo mwembamba, bila kulazimishwa. Ukiona ncha zimelinganishwa kwa kufinyangwa, ujue shuka lilikuwa limepinda tangu mwanzo na aliyelikunja ameficha.

Shuka la lastiki ndilo mtihani wa kweli. Geuza ndani nje, ingiza mikono kwenye pembe mbili za upande mmoja, kisha ivishe pembe moja juu ya nyenzake. Fanya hivyo na mbili zilizobaki, na mwisho zote nne zikae ndani ya moja. Lilaze mezani, lastiki ikunjwe kuelekea ndani mpaka upate pembe nne zilizonyooka, ndipo likunjwe kama mengine. Likibaki na kivimbe kidogo upande mmoja nalisamehe. Lililoviringishwa kama boflo na kusukumwa nyuma ya mengine silisamehe.

Mikunjo ikiisha, mgongo wa kila shuka utazame mlangoni na kingo zielekee ukutani, uweze kuhesabu na kuchomoa moja bila kuvuruga mengine. Yaliyofuliwa leo yaende chini, ya kutandika yachukuliwe juu. Vinginevyo mawili matatu yatachakaa na mengine yatageuka manjano bila kutumika. Mashuka ya wageni, yanayokaa miezi bila kuguswa, yafunguliwe mara kwa mara na kukunjwa kwa mstari mwingine, mara kwa nusu, mara kwa theluthi, kwa sababu nyuzi za pamba hukatika pale zinapokaa zimebanwa muda mrefu. Kuiweka seti nzima ndani ya foronya yake ni njia nzuri, ilimradi foronya ni ya pamba. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani. Kasha la mbao, hata lile la Kizanzibari la njumu za shaba, litandikwe kitambaa cheupe chini na pembeni, kwani mbao hutoa asidi inayogeuza pamba rangi.

Yanayokwenda kuhifadhiwa yasitiwe wanga, maana wanga ni chakula cha mende. Asumini mbichi huacha madoa ya kahawia. Karafuu kavu ndani ya kifuko cha kitambaa hunukia vizuri na haina shida. Udi nao uwe wa siku ya kutandika: fukiza shuka likiwa kavu, chetezo kikiwa mbali kidogo, lisishike masizi.

Vile vidonge vyeupe vya naftalini navikataa kabisa. Vimekusudiwa nondo wa nguo, ambao viwavi wao hula sufu na hariri. Mashuka ya pamba si chakula chao. Zaidi ya hapo, mvuke wa naftalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, pwani yetu ikiwamo. Kama nyumbani kwenu kunatarajiwa mtoto, vitoe leo, fua kila shuka na blanketi lililokaa navyo, na uanike juani siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa.