Pongezi kwa Marefa wa Bara

Alasiri za wikendi, viwanja vya Likoni, Kisauni na Changamwe, upande wa bara wa Mombasa, hujaa watu. Hakuna jukwaa wala uzio. Mashabiki husimama kwenye chokaa yenyewe, na katikati yao yuko refa na kipyenga chake.

Kazi yake ni ngumu kuliko tunavyokubali. Beki akimvaa mshambuliaji, refa ana nukta chache kupima kosa. Sheria ya 12 ya soka inamtaka apambanue: uzembe ni faulo tu, kutojali hatari anayomtia mwenzake ni kadi ya njano, nguvu ya kupita kiasi ni nyekundu. Kosa hilo likitendeka ndani ya boksi, ni penalti ya mita 11, hata kama ni dakika ya 90 na wenyeji wanaongoza bao moja.

Katika hoki ya barafu, mwenye kosa dogo hukaa nje dakika 2 kisha akarudi. Refa wetu hana adhabu hiyo ya kati. Ana kadi, zilizoanza kutumika Kombe la Dunia la 1970, na msimamo wake.

Kipa akijitupa miguuni mwa mtu akaumia kichwa, refa ndiye husimamisha mchezo kwanza. Vijana wetu hurudi nyumbani wazima kwa sababu yake.

Hongereni, waamuzi. Nasi viongozi na mashabiki tuwalipe kwa wakati, tuwalinde, na uamuzi wao tuuheshimu hata unapotuuma.