Kuitambua Risasi ya Mauser Kuukuu Iliyogeuzwa ya Kuwindia

Mjuzi wa bunduki hatambulikani kwa wingi wa majina aliyoyahifadhi, bali kwa uchache wa mambo anayoyasadiki kabla hajayapima. Na aghalabu mtihani wake ni ile Mauser ya 1898 ya jeshi la Ujerumani, ambayo askari wa Marekani walirudi nayo kwao baada ya Vita Vikuu vya Pili, mafundi wakaipunguza mbao, wakaifupisha kasiba, wakaifanya silaha ya mawindo.

Mhuri wa kasiba huarifu jinsi ilivyotoka kiwandani, wala hauarifu iliyotendwa baadaye. Ganda la asili lina urefu wa milimita 57. Lakini kwa kuwa huko Marekani maganda ya .30-06, yenye milimita 63, yalikuwa tele, baadhi ya mafundi waliirefusha chemba ipokee ganda hilo lililopanuliwa shingo, na mhuri wa kale ukabaki pale pale. Atiaye risasi ya asili humo ataona komeo lafunga kwa ulaini, adhani amepata ithibati, ilhali risasi fupi huingia chemba ndefu bila kizuizi, na ganda lisilopata pa kuegemeza bega lake huweza kupasuka lipigwapo. Tazama pia magazini: ukuta wake wa mbele ukiwa na alama za tupa, yaelekea mtu alitafuta nafasi ya risasi ndefu.

Yakini hupatikana kwa kalibu. Ukiisha kuhakikisha bunduki ni tupu, toa komeo, safisha chemba, ziba kasiba kwa kitambaa mbele ya chemba kidogo, kisha mimina Cerrosafe, madini yayeyukayo kwa joto lisilofikia la maji yachemkayo. Yakiganda yatoe, uyapime baada ya saa moja, maana hunywea kwanza, kisha hutanuka hata yakalingana na chemba yenyewe. Hapo utasoma urefu wa ganda, upana wa shingo na mteremko wa bega; fauka ya hayo utausoma mkono wa fundi, kwani bega lenye ukingo safi ni kazi ya mstadi, na mikwaruzo ya mviringo ni kazi ya pupa.

Hata hivyo chemba ni nusu ya habari. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walinenepesha kichwa cha risasi yao kutoka milimita 8.08 hadi 8.20, tofauti isiyoonekana kwa jicho, ila kichwa kinene kikilazimishwa katika kasiba nyembamba, shinikizo hupanda kupita kiasi. Basi sukuma kipande laini cha madini ya risasi yasiyochanganywa ndani ya kasiba toka mwanzo hata mwisho, ukipime kwa maikromita.

Bunduki ambayo kalibu, kasiba na mhuri vyanena kauli moja yastahili bei ya kazi njema. Na ile ambayo vyahitilafiana, ijapokuwa kitako chake ni cha mti wa jozi uliong'arishwa, isipigwe hata mara moja mpaka fundi wa silaha aipime na kuigongea mhuri wa kweli.